Programu ya Kuratibu Dharura: Ununue, Uandikiwe au Uchukue ya Bure?

Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na ifikapo Mei wauzaji wa programu huwa wameshaanza kubisha hodi. Wanakuja na projekta na onyesho lile lile: ramani ya mji, gari la polisi la buluu, la zimamoto jekundu, la wagonjwa jeupe, yote yanatembea kwenye kioo kimoja. Simu ikiingia alama inawaka, na gari lililo karibu linajichagua lenyewe. Ukiuliza bei, unaambiwa inategemea.

Makala haya ni ya yule atakayetakiwa kusaini: mratibu wa dharura wa kaunti, mganga mkuu wa wilaya, mkuu wa kituo cha zimamoto, au mwenye kampuni ndogo ya ambulensi. Fedha zako ni chache, na zisipotumika zinarudi hazina. Nakupa msimamo wangu mapema ili usome ukiujua. Walio wengi hawahitaji kuandikiwa programu mpya, wala hawana uwezo wa kukodi ile ya dola kwa miaka mitano. Wachukue programu huria iliyopo, wamlipe fundi wa hapa hapa aitunze, na chenji iende kwenye laini za simu, umeme na mishahara ya zamu ya usiku.

Kwanza lipitie daftari

Ukiondoa mapambo, programu ya aina hii inapokea taarifa, inajua mahali, inatuma gari, inafuatilia mpaka tukio lifungwe, na inatunza kumbukumbu. Daftari la kaunta lenye safu saba zilizopigwa kwa rula linafanya hayo yote, ila polepole: namba ya tukio, saa ya simu, mahali, aina ya tukio, gari lililotumwa, saa ya kufika, saa ya kumaliza.

Kabla hujaita muuzaji yeyote, chukua kurasa za mwezi uliopita. Hesabu mistari mingapi ina saa ya kufika. Kama nusu iko tupu, tatizo lako liko kwenye utaratibu wa kazi, na hakuna mzabuni anayeuza dawa yake. Dereva asiyesema kwa redio "nimefika" hatabonyeza kitufe cha "nimefika". Mwezi mmoja wa kujaza daftari vizuri haugharimu kitu, na ndio utakaokuonyesha una matukio mangapi kwa siku, saa ngapi yanabanana, na mitaa ipi inawapoteza madereva. Bila takwimu hizo, mnaafikiana bei ya kitu ambacho hata wewe hujui ukubwa wake.

Ya kukodi kutoka nje

Uzuri wake ni kwamba ipo tayari. Imejaribiwa kwingine, ina mwongozo, na unaweza kuanza ndani ya wiki chache. Ubaya wake umejificha kwenye proforma.

Chukua mfano wa hesabu, na weka namba zako mwenyewe ukipata zako. Tuseme bei ni dola 60 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi. Kituo chako kina meza mbili za kupokea simu, kwa hiyo muuzaji anaandika watumiaji wawili: dola 1,440 kwa mwaka. Inaonekana si kitu.

Sasa soma herufi ndogo. Je, leseni ni ya meza au ya jina la mtu? Wiki ina saa 168. Meza moja inayokaliwa usiku na mchana, ukiweka likizo na siku za ugonjwa, inahitaji watu wasiopungua watano. Meza mbili ni watu kumi, na kama leseni inafuata jina, bei ni dola 7,200. Halafu kodi. Malipo ya namna hii kwa kampuni isiyo mkazi hukatwa kodi ya zuio, asilimia 15 Tanzania na asilimia 20 Kenya, isipokuwa pana mkataba wa kodi baina ya nchi yako na ya muuzaji. Muuzaji wa nje karibu kila mara huandika kwamba bei yake ni baada ya kodi, yaani ile kodi ni juu yako. Kwa Tanzania, ili yeye apate 7,200 kamili unatakiwa kuhesabu 8,470. Ongeza VAT ya asilimia 18 na unakaribia dola 10,000. Kituo cha umma kisichosajiliwa VAT hakirudishiwi senti.

Kutoka 1,440 mpaka 10,000, na bado hujagusa mafunzo, kuunganisha redio, wala shilingi kushuka mbele ya dola. Mwaka wa pili bajeti yako iko kwa shilingi na ankara iko kwa dola, na usipolipa kioo kinazimwa. Daftari halizimwi.

Kwa nani inafaa? Kwa hospitali binafsi au kampuni ya ambulensi inayokusanya ada kwa wanachama, ambayo kila mwezi uliochelewa ni mapato yaliyopotea. Hata huyo adai leseni ya meza, bei iliyofungwa kwa miaka mitatu, na haki ya kupakua kumbukumbu zake zote kwenye jedwali la kawaida siku akiondoka.

Ya kuandikiwa upya

Hii ndiyo inayopendwa na viongozi, maana huzinduliwa kwa utepe. Pia ndiko fedha nyingi zilikozama, na mfano unaofaa kukaririwa ni wa London.

Huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilianza kwa mradi mmoja ulioachwa njiani baada ya kula pauni milioni 7.5. Ikaitisha zabuni nyingine. Aliyeshinda alikuwa kundi la kampuni zilizotaja bei ya chini, chini ya pauni milioni moja kwa mfumo mzima, na walioandika programu hawakuwa wamewahi kufanya kazi ya ukubwa huo kwa huduma ya dharura. Muda uliowekwa ulikuwa mfupi mno. Oktoba 26, 1992, mfumo ukawashwa mji mzima kwa siku moja, na karatasi zikaondolewa.

Kilichofuata kinafaa kisomwe taratibu na kila mnunuzi. Mfumo ulitegemea kujua kila gari liko wapi. Madereva walibonyeza vitufe vibaya au kwa mpangilio mbaya, redio zikazidiwa, na kompyuta ikaamini magari yako mahali ambapo hayapo. Ikatuma magari mawili kwenye tukio moja, na tukio jingine likakosa. Kila kosa lilitoa ujumbe wa onyo. Maonyo yakawa mengi hata yakasukumana nje ya kioo kabla hayajasomwa. Waliokuwa wakisubiri wakapiga simu tena, foleni ya simu ikarefuka, na makosa yakazaa makosa. Kesho yake wakarudi nusu kwenye utaratibu wa mkono, na muda mfupi baadaye mkurugenzi mkuu akajiuzulu.

Novemba 4, usiku wa manane umepita, mfumo ukaganda kabisa. Wachunguzi waligundua kwamba wiki tatu hivi kabla, mwandishi mmoja wa programu aliacha kipande cha msimbo alichokuwa akikifanyia kazi. Kila gari lilipotumwa, kipande kile kilikula kumbukumbu kidogo ya seva na hakikuirudisha. Siku ilipojaa, ikasimama. Seva ya akiba ilitakiwa ipokee kazi, haikupokea, kwa kuwa haikuwa imejaribiwa kwa mpangilio ule. Wakarudi kwenye karatasi na sauti.

Mfumo uliofuata uliandikwa na watu wao wa ndani, kidogo kidogo, ukijaribiwa kila hatua pamoja na wapokea simu, ukaanza kazi mwaka 1996. Huo ukadumu.

Unaweza kudhani somo liliingia. Mwaka 2004 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa FiReControl, wa kubadilisha vyumba 46 vya kuratibu zimamoto kuwa vituo 9 vya kanda vyenye mfumo mmoja. Majengo yakajengwa kabla programu haijapatikana. Vituo vya zimamoto vyenyewe vilikuwa havijakubali, kila kimoja na desturi zake. Desemba 2010 ukafutwa, na wakaguzi wa taifa wakakadiria hasara isiyopungua pauni milioni 469. Programu haikuwepo, lakini kodi ya pango ya majengo matupu iliendelea kulipwa, kwa sababu mikataba ya majengo ilikuwa ya miaka mingi.

Hizo ni fedha za nchi tajiri. Kwetu kuna hasara ndogo zaidi, na ya aina yake. Bei utakayopewa na vijana wa kuandika programu Nairobi, Dar es Salaam au Kampala inaweza kuwa nafuu sana, na wapo hodari. Ila bei hiyo ni ya kuandika tu. Desturi ya biashara hii ni kutenga asilimia 15 mpaka 20 ya bei ya kuunda kila mwaka kwa matengenezo, na bajeti za miradi karibu zote huliacha fungu hilo wazi. Wafadhili hupenda kulipia uzinduzi. Mwaka wa tatu hawapo. Na kijana mmoja anayeuelewa msimbo wote akipata kazi benki, umebaki na kioo ambacho hakuna anayethubutu kukigusa.

Kama lazima uandikiwe, andikiwa kipande ambacho hakuna anayekiuza: menyu ya USSD kwa Kiswahili au kwa lugha ya wilaya yako, malipo ya dereva kwa simu, fomu ya rufaa inayokubaliwa na hospitali yako. Lipa kwa hatua, kila hatua baada ya wapokea simu wako wenyewe kuitumia zamu nzima. Msimbo uwekwe kwenye hifadhi yenye jina la ofisi tangu siku ya kwanza, si "baada ya malipo ya mwisho". Taasisi za umma Tanzania zisisahau kwamba miradi ya TEHAMA inapita kwanza Mamlaka ya Serikali Mtandao, na kupita huko huchukua muda. Peleka andiko kabla hujamwahidi mtu tarehe.

Ya bure, na ubure wake

Programu huria zina sifa moja isiyobishaniwa: leseni hailipiwi, na msimbo ni wako kuubadili. Lakini hazifanani, na watu huchukua isiyowafaa kwa sababu wamelisikia jina.

Ushahidi ilizaliwa Kenya Januari 2008, katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mwaka 2010 ilitumika baada ya tetemeko la Haiti. Ni nzuri sana kwa kukusanya taarifa za watu wengi, kwa SMS na mtandao, na kuzipanga kwenye ramani. Kwa mafuriko, kipindupindu au ukaguzi wa barabara baada ya mvua, anza nayo. Haikuumbwa kwa ajili ya kutuma gari namba tatu kwenda Mbagala na kujua limefika saa ngapi. Sahana ilianzia Sri Lanka baada ya tsunami ya Desemba 2004. Nguvu yake ni kambi, waliopotea, misaada na wanaojitolea. Mratibu wa maafa ataipenda, mkuu wa zamu ya ambulensi hataipenda.

Kwa kutuma magari zipo nyingine. Tickets ni mojawapo: ya zamani, sura yake haivutii projekta, ila imeandikwa kwa PHP, na fundi wa PHP hakosekani katika mji wowote wa Afrika Mashariki wenye chuo. Mimi ningeupa uzito mkubwa upatikanaji huo wa fundi kuliko uzuri wa kioo. Programu ya kisasa zaidi iliyoandikwa kwa lugha inayojulikana na watu wawili mjini ni ghali, hata ikiwa bure.

Gharama zake halisi ni seva, fundi na muda. Seva ya kukodi kwenye wingu ni nafuu, lakini intaneti ikikatika umebaki gizani. Kompyuta imara iliyowekwa ofisini yenye UPS hufanya kazi hata mkonga ukikatwa na trekta la barabara, ila ikiibiwa imeibiwa na kumbukumbu zako. Kwa kituo kidogo ningeiweka ofisini, na nakala ya kila usiku iende kwenye wingu. Fundi mpe mkataba wa mwaka wenye saa za kuitika zilizoandikwa. "Nipigie tu, mkuu" si mkataba.

Ramani

Hapa ndipo unaweza kuokoa fedha nyingi kwa uamuzi mmoja. Ramani za kampuni kubwa hutozwa kwa kila utafutaji ukishavuka kiwango cha bure, na programu ya kuratibu hutafuta mchana kutwa. OpenStreetMap hailipiwi, na kwa baadhi ya miji yetu ni bora kuliko ya kulipia. Dar es Salaam ilichorwa kupitia mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakitembea mtaa kwa mtaa kwenye kata zinazofurika, wakiandika mpaka mitaro. Kibera ilianza kuchorwa na vijana wake 2009. Kama wilaya yako haijachorwa, vishikwambi vichache na posho ya vijana kwa wiki kadhaa vitakupa ramani ambayo hakuna atakayekutoza kila mwezi.

Tanzania pia ina mfumo wa anwani za makazi, wenye namba za nyumba na majina ya barabara. Hakikisha programu yako inapokea anwani hizo. Bado wengi watasema "pale kwenye mwembe, mkabala na mashine ya kusaga", kwa hiyo dai kisanduku cha alama za mtaa ambacho mpokea simu anaweza kukijaza na kikakumbukwa mara nyingine. Muuzaji akikwambia hicho ni nyongeza ya kulipia, mwambie ndicho unachonunua.

Senti zinazovuja

Ujumbe mfupi. Tukio moja likituma SMS nne, kwa aliyepiga simu, dereva, hospitali na msimamizi, na una matukio 40 kwa siku, hizo ni 160 kwa siku na 58,400 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya mtandao wako.

Halafu kuna jambo ambalo sijawahi kuona muuzaji akilitaja. SMS moja hubeba herufi 160. Ukitia ndani alama moja isiyo ya kawaida, kikomo kinashuka hadi 70. Kikatuni cha uso kinafanya hivyo, na kile kiapostrofi kilichopinda kinachowekwa na programu za kuandikia pia. Sasa fikiria ujumbe wa herufi 150 unaotaja Ng'ambo au ng'ombe aliyegongwa, umenakiliwa kutoka kwenye waraka: badala ya SMS moja unalipia tatu, kwa sababu ujumbe uliogawanywa hubeba 67 tu kila kipande. Mwambie fundi aweke kiapostrofi kilichonyooka kwenye violezo vyote. Ni kazi ya dakika chache.

Namba ya bure. Ni bure kwa anayepiga; mwenye namba ndiye anayelipa, pamoja na simu za watoto wanaocheza na za wanaotafuta mtu wa kuongea naye usiku. Kama namba za kitaifa zinafika kwako, kama 112 au 114 ya zimamoto kwa Tanzania, au 999 kwa Kenya, omba kwanza kuelekezewa simu za eneo lako kabla hujanunua namba mpya. Raia hawezi kukariri namba ya kila ofisi.

Vifaa vya magari. Kila kifaa cha GPS kina laini, na kila laini ina bando. Bando la gari moja likiisha, ramani inaonyesha gari hilo limeegeshwa pale lilipokuwa jana, na hiyo ndiyo kasoro ya London kwa bei ndogo. Nunua kifaa kinachopokelewa na programu yoyote, si kile kinachoongea na seva ya muuzaji wake tu.

Kishikwambi cha kawaida kilichoachwa kwenye dashibodi, jua la Kisumu au la Dodoma likiwaka, betri yake huvimba. Vya kazi ngumu vipo, bei yake ni mara kadhaa. Kwa magari machache nunua simu janja za bei ya kati, vishikio vizuri na chaja zilizofungwa kabisa kwenye gari, pamoja na za akiba. Simu ya vitufe ikae kwenye droo ya gari, imechajiwa. Data ikiisha, sauti na SMS bado hupita.

Jina la tovuti, namba fupi ya SMS na akaunti ya seva vyote vinaweza kusajiliwa kwa jina la mzabuni "kurahisisha". Siku mkigombana, ndivyo atakavyokushikia. Visajiliwe kwa jina la ofisi hata kama inachelewesha wiki.

Simu, daftari na kundi la WhatsApp

Njia hii watu huionea aibu, na haistahili aibu hiyo. Kituo chenye magari yasiyozidi matano na matukio machache kwa siku kinaweza kuendeshwa kwa laini mbili za mitandao tofauti, redio ya upepo, daftari, na jedwali la kompyuta linalojazwa kila asubuhi. Gharama ni ndogo, kila mtu anaijua, na umeme ukikatika kazi inaendelea.

Kasoro yake ni kundi la WhatsApp. Picha za majeruhi husambaa, mtu akiacha kazi huondoka na historia nzima mfukoni, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika nani aliitika kwanza. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Picha ya mgonjwa iliyovuja kutoka kwenye kundi la kazi ni kesi. Lifanye kundi liwe la kuitana tu, taarifa za mgonjwa zikae kwenye daftari.

Ukitaka kuona fedha zinapozaa matunda, tazama mfumo wa m-mama wa Tanzania. Mama mjamzito, aliyejifungua au mwenye kichanga akipata dharura, simu ya 115 hupokelewa na mhudumu aliyefunzwa anayefuata maswali kwenye programu, ambayo husaidia kuamua apelekwe kituo gani na kwa chombo kipi. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na hulipwa kwa simu. Ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, na tangu 2022 ukapelekwa nchi nzima. Programu yake ni sehemu moja tu ya mfumo. Kinachosogeza mgonjwa ni teksi iliyopo kijijini na uhakika wa dereva kwamba atalipwa. Kituo kisicho na fungu la mafuta hakiokolewi na ramani.

Neno "jumuishi"

Wauzaji hulipenda, na hapo ndipo bei hupanda. Polisi, zimamoto na afya kuona tukio moja kwenye kioo kimoja ni jambo jema. Lakini kuunganisha programu tatu ambazo wenyewe hawajakubaliana ni kazi isiyo na mwisho, na mlipaji ni wewe.

Anzeni na kisicholipiwa: namba moja ya tukio. Anayepokea simu wa kwanza hutoa namba, na wengine wote huiandika hiyo hiyo kwenye madaftari yao. Kisha mkubaliane orodha moja ya aina za matukio. Kama polisi wanaandika "ajali", afya "majeruhi" na zimamoto "uokoaji" kwa lori lile lile lililopinduka, hakuna kompyuta itakayojua ni moja. Hayo yakisimama miezi sita, fundi wa kawaida anaweza kuunganisha mifumo kwa gharama ndogo. Yasiposimama, hata mfumo wa mabilioni utaonyesha ajali tatu.

Uamuzi

Magari matano au pungufu: usinunue programu mwaka huu. Laini ya pili, betri za redio, UPS, daftari lenye safu saba, na mafunzo ya wapokea simu.

Magari sita mpaka thelathini, kama zilivyo kaunti, miji na kampuni nyingi: programu huria ya kutuma magari, ramani isiyolipiwa, seva ofisini, fundi wa mkataba. Tenga gharama ya miaka mitatu, na kama huwezi kuipata ya mwaka wa tatu, rudi kwenye kundi la kwanza.

Jiji kubwa au huduma ya kitaifa: hapo ya kulipia inaweza kustahili, au ya kuandikiwa vipande kwa vipande. Washa kitongoji kimoja kwanza, daftari likiendelea sambamba kwa miezi, na usivunje kituo cha zamani mpaka kipya kimepita msimu mmoja wa mvua.

Kwa makundi yote, kabla ya kusaini mwite mzabuni ofisini kwako, si hotelini. Mpe tukio kutoka kwenye daftari lako, na mpokea simu wako wa zamu ya usiku ndiye akae kwenye kibodi. Katikati ya onyesho chomoa waya wa intaneti, kisha zima swichi ya ukutani. Atakayeendelea kufanya kazi zungumza naye bei. Atakayesema hilo litashughulikiwa kwenye toleo lijalo, mwambie arudi na toleo hilo.